Baada ya sinia: ulale, utembee au upunguze tonge?

Kusinzia kidogo baada ya chakula cha mchana ni kwa kila mtu. Mwili wenyewe hulegea kati ya saa saba na saa tisa, hata kwa aliyefunga. Ninalolizungumzia hapa ni jambo jengine: uchovu unaomwangukia mwenye maradhi ya kudumu mara tu anaponawa mikono. Viungo huwa vizito, maneno yakamwia taabu, kuinuka mkekani kukawa kazi, na hali hiyo ikamshika mpaka adhana ya alasiri au kuipita. Nyumba nyingi hapa Lamu zina mtu wa namna hii, na mara nyingi mtu huyo huitwa mvivu. Hilo linaniuma, kwa sababu si uvivu, na njia za kuupunguza uchovu huo zipo.

Njia zenyewe tunazijua sote, maana kila jirani ana yake ya kukushauri. Mmoja atakwambia ulale, wa pili utembee, wa tatu ule kidogo kidogo, wa nne uache wali. Shida ni kwamba kila mmoja anasema kweli kwa mwili wake. Nyumbani kwetu Langoni, ami yangu ana sukari na presha, mimi nina baridi yabisi. Tunakula sinia moja, saa moja, na sote wawili tulikuwa tukilemewa. Kilichomsaidia yeye kingenimaliza mimi.

Kabla ya kuchagua: uchovu wako unatoka wapi?

Mwenye kipima sukari na kipima presha nyumbani, au jirani wa kumwazima, ana nusu ya jibu.

Sukari iliyopanda huja na mdomo mkavu, kiu, macho mazito na kichwa kujaa ukungu. Pima saa mbili baada ya tonge la kwanza. Lengo la kawaida kwa mtu mzima mwenye kisukari ni chini ya 10 kwa vipimo tunavyotumia Kenya (mmol/L). Ikiwa kila siku uliyolemewa unakuta 13 au 14, umeshamjua adui. Chakula chenye tui zito au samli nyingi, kama biriani, hukawia tumboni, kwa hivyo sukari yake huweza kupanda baadaye. Siku ya biriani pima tena baada ya saa tatu au nne.

Sukari iliyoshuka ni kinyume chake: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Chini ya 4 ni ya kushughulikiwa papo hapo: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ungoje dakika 15, upime tena. Huwapata zaidi wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi. Kumwambia mtu wa namna hii “nenda kalale tu” ni hatari.

Presha kushuka baada ya kula haizungumzwi sana, nami naona inapaswa kuzungumzwa, kwa sababu wazee wetu wanaanguka kwayo. Chakula kikifika tumboni damu nyingi huelekea kwenye matumbo, na neva ndizo zinazokaza mishipa kwengineko ili presha isishuke. Neva zilizochoshwa na kisukari cha miaka mingi, au na ugonjwa wa Parkinson, au na uzee wenyewe, hazikazi vya kutosha. Wanaosafishwa damu kwa mashine nao hupatwa. Pima kabla ya kula, kisha nusu saa, saa moja na saa mbili baadaye. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwonyeshe daktari.

Upo pia uchovu usiotokana na sahani. Baridi yabisi, lupasi na maradhi mengine ya uvimbe wa ndani humchosha mtu tangu asubuhi, na chakula huongeza tu mzigo. Upungufu wa damu ni hivyo hivyo, na pwani hii, penye selimundu nyingi (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), haifai kuusahau. Mimi nilikuwa nikiulaumu wali mpaka nilipoanza kutazama siku za kupika na siku za kupikiwa. Siku niliyokaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili kwa vidole vilivyovimba, nikachuja tui, nikainamia jiko la makaa, ndiyo siku niliyoanguka baada ya kula. Siku shangazi alipopika yeye, wali ule ule wa nazi haukuniangusha hata nusu yake. Kwa hivyo, kabla ya kulaumu chakula, tazama kazi iliyokitangulia.

Kulala na kutembea

Huu ndio ubishi mkubwa, na hapa ndipo watu huumizana kwa nasaha.

Kulala mchana ni desturi yetu, na wenye kufuata sunna wanaijua kailula. Ubaya hauko kwenye kulala, uko kwenye urefu wake. Dakika 20 mpaka 30 humburudisha mtu. Zikizidi sana, mwili huzama usingizi mzito, na ukiamshwa humo unaamka umelewa, umechoka kuliko ulivyolala. Anayelala saa nane akaiachia adhana ya alasiri imwamshe, amelala zaidi ya saa nzima. Usiku atatazama boriti mpaka saa nane, na mwenye maumivu ya viungo anajua asubuhi ya usiku kama huo inavyokuwa. Tega kengele ya simu. Na usilale chali mara baada ya kula ikiwa una kiungulia: egemea mito, kichwa juu, au lalia ubavu wa kushoto.

Kutembea, kwa mwenye sukari inayopanda, ni dawa isiyouzwa. Dakika 10 mpaka 15, ndani ya nusu saa baada ya kula. Misuli ya miguu ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi, wakati aliyelala anaiacha sukari ipande mpaka kileleni. Mwendo wenyewe ni wa kawaida tu, wa mtu anayekwenda dukani. Wala usiende forodhani saa hiyo. Ni pazuri na ni tambarare, lakini jua la saa saba unusu halina huruma na sakafu inatoa moto. Ami huingia vichochoroni, ambako nyumba ndefu hupunguza jua na kila baada ya milango michache pana baraza ya kukalia pumzi ikikatika. Hubeba mkongojo wake, na punda wakipita na mchanga au matofali huingia kizingitini wapite. Jambo moja amelishika sana: havai ndara. Mwenye kisukari cha zamani huenda asihisi jiwe la moto wala msumari, kwa hivyo viatu vyake vimefunika vidole, na akirudi shangazi humtazama nyayo zote mbili kwenye mwanga wa mlango, kisha katikati ya vidole.

Sasa mpe matembezi hayo hayo mtu ambaye presha yake hushuka baada ya kula. Yeye yuko katika hatari ya kuanguka kichochoroni. Kwake kukaa au kujilaza kwa saa moja hivi ndiko kuzuri zaidi, kisha ainuke taratibu: akae kwanza kitako, miguu chini, ndipo asimame. Kwa mtu huyu kulala kumeshinda, sina shaka.

Halafu wako wale ambao wakijikaza leo wanalipa kesho au keshokutwa. Huu ni uchovu wa kipekee, unaowapata wenye ugonjwa wa uchovu sugu na baadhi ya waliobaki na athari za muda mrefu za Uviko. Wakivuka kiasi chao, hata kwa matembezi mafupi, hali yao huporomoka, na mara nyingi huporomoka baada ya siku moja au mbili, kwa hivyo hawaunganishi sababu na tokeo. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ilipotoa mwongozo wake mpya mwaka 2021, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu. Mtu wa namna hii ukimwambia “jikaze, tembea, uvivu utatoka”, unamzidishia ugonjwa. Apumzike kabla ya kula na baada ya kula, ajilaze pasipo kelele, asilazimishe usingizi.

Mimi je? Baridi yabisi hutaka viungo vitembezwe, lakini si lazima iwe saa hiyo. Nafanya mazoezi yangu asubuhi viungo vikishalegea. Mchana ninachokihitaji ni kupumzika *kabla* ya kula, baina ya kutoka jikoni na kukaa kwenye sinia. Nusu saa ile imenifaa kuliko usingizi wowote wa baadaye.

Sinia moja kubwa au sahani ndogo mbili tatu

Kwa karibu kila aina ya uchovu niliyoitaja, chakula kidogo mara nyingi zaidi kinashinda mlo mmoja mkubwa. Mlo mkubwa huvuta damu nyingi zaidi tumboni na kumwaga sukari nyingi kwa mpigo. Ukiugawa, yote mawili hupungua. Kama ungeniruhusu nikuchagulie jambo moja tu la kuanza nalo kesho, ningekuchagulia hili.

Ila lina mawili ya kuangalia. La kwanza ni dawa. Anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari kwa kiasi kilichopangiwa mlo mkubwa, akila nusu yake, anaweza kushuka vibaya. Huyo azungumze na daktari au muuguzi wa kliniki *kabla* ya kupunguza chakula, wala asijipunguzie dawa kwa kukisia.

La pili ni watu. Kwetu chakula ni heshima ya aliyepika, na anayekula kidogo huonekana amekikataa.

“Mbona wala kidogo, mwanangu? Hakikukupendeza?”

“Kimenipendeza sana, shangazi. Nitilie changu kwenye bakuli, nitakimaliza baada ya alasiri.”

Maneno haya yametosha kwetu. Bakuli lenye jina lako halimkoseshi mtu heshima, na aliyepika anaona chakula chake kimeliwa chote. Lihifadhiwe kwenye friji, lisibaki jikoni. Wali uliokaa kwenye joto letu huota vijidudu ambavyo sumu yao haifi hata ukiupasha moto.

Ramadhani, kwa walioruhusiwa na daktari kufunga, hutusaidia bila ya sisi kujua. Tende na maji, kisha magharibi, kisha ndipo chakula: huo tayari ni mlo uliogawanywa. Wanaoumia ni wanaorudi mkekani wakala kaimati, viazi vya karai, sambusa na wali kwa kikao kimoja.

Wali kwanza au samaki kwanza

Hapa wengi husikia “acha wali” wakakata tamaa, nami siwalaumu. Kumwambia mtu wa Lamu aache wali wa nazi maisha yake yote ni kumwambia asile na wenzake. Bora mpangilio kuliko katazo. Ukianza na mboga na kitoweo, ukaacha wali mwisho, sukari hupanda kidogo kuliko ukianza na wali, ingawa chakula ni kile kile. Kwenye sinia jambo hili ni rahisi: ami hujivutia upande wenye kachumbari na mchicha, huikamulia ndimu, hula na kipande chake cha samaki wa kupaka taratibu, na akifika kwenye wali tumbo limeshatulia. Matonge yake yamepungua bila mtu kumhesabia.

Ukitaka kubadilisha chenyewe, badilisha kwa vyakula vya jamii ya kunde. Mbaazi, kunde na pojo hupandisha sukari polepole kuliko wali mweupe. Lakini mbaazi za nazi kwa mahamri matatu si badala ya kitu, maana mahamri ni unga mweupe na sukari. Sima ya unga mweupe wa mahindi nayo haina nafuu kubwa kuliko wali, watu wanaisifu kupita haki yake. Viazi vitamu vya kuchemsha ni afadhali.

Kwa mimi mwenye uchovu wa uvimbe, mpangilio huu umenisaidia kidogo tu, isipokuwa vipindi ninavyokuwa kwenye prednisoloni. Dawa hiyo ikimezwa asubuhi hupandisha sukari zaidi mchana na jioni, kwa hivyo kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kuwa kizuri na cha baada ya chakula cha mchana kikawa kibaya. Ukiwa unaimeza na unalemewa mchana, omba upimwe saa hizo.

Maji, madafu, kahawa, chai

Gilasi mbili za maji kabla ya kula huzuia presha kushuka kwa wale niliowataja. Ni njia rahisi kuliko zote, na kwao naiweka mbele ya kulala. Lakini mwenye moyo ulioshindwa kazi au figo zilizopangiwa kiasi cha maji asiifuate bila ruhusa. Na asibadilishe maji kwa madafu: dafu lina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka haziwezi kuiondoa. Kwa mwenye sukari, dafu pia lina utamu wake, si maji matupu.

Kahawa tungu ya kwenye dele huamsha, hilo halina ubishi. Ila nusu ya kafeini yake huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha barazani baada ya alasiri kinaibia usiku, na usiku ulioibiwa unaleta mchana mzito zaidi. Kikombe kabla ya chakula cha mchana ni bora kuliko baada ya alasiri. Chai ya rangi au ya maziwa mara baada ya kula, kwa mwenye upungufu wa damu, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ingojee saa moja.

Ningekushauri hivi

Sukari yako hupanda: anza na mpangilio wa sahani na matembezi mafupi, lala kidogo ukibaki na haja. Presha yako hushuka: maji, mlo mdogo, ujilaze, usitembee peke yako saa ya kwanza. Na ukiwa na dawa za presha unazozimeza karibu na chakula cha mchana, uliza kliniki kama saa yake inaweza kusogezwa. Ukijikaza leo na kuanguka kesho: pumzika kabla na baada, na mwache aliyekuita mvivu aseme.

Mwenye maradhi mawili ndiye mgumu zaidi, na wako wengi. Ami mwenyewe sukari yake hupanda na presha yake hushuka, ingawa si kila siku. Yeye hupima presha kwanza. Ikiwa imeshuka hulala, ikiwa iko sawa hutoka. Si njia nyepesi, lakini tangu aishike hajaanguka.

Uchovu mwengine usiuchagulie njia nyumbani. Ukija na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, kuzimia, mdomo kwenda upande au maneno kupotea, ni hospitali mara moja, na anayekaa Shela, Matondoni au Pate aitafute boti mapema, asingoje maji yajae. Ukiwa ni mpya, ukazidi wiki hadi wiki, au ukaja na kukonda au kinyesi cheusi, nenda kliniki ukiwa umeandika kwenye daftari siku tatu au nne za vipimo: ulikula nini, saa ngapi, sukari ngapi, presha ngapi, na kazi gani ulifanya kabla. Beba na dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mafua na za mzio, kwa sababu baadhi yake husinzisha zenyewe na daktari hawezi kuzijua usipomwonyesha.